Vitunguu vya Maua vya Sista Serafina

Kijijini kwetu, karibu na Misheni,
Ushirombo.
1 Desemba 1976

Kaka yangu mpendwa Telesphori,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Shinyanga, wewe, wifi yangu Justina na huyo mtoto mchanga ambaye sisi huku tunamjua kwa jina tu. Kifua chako je? Ulipoandika kwamba vumbi la pamba pale kiwandani linakukohoza hadi mbavu zinauma, Mama aliniambia nikutafutie asali. Asali ipo, chupa mbili zimejaa, zinamngoja mtu mwaminifu wa kuzibeba.

Sisi huku hatujambo, na safari hii siliandiki neno hilo kwa mazoea. Mama ni mzima. Nimelitanguliza hili ili usisome mistari inayofuata roho ikiwa juu juu. Leo asubuhi amekwenda kwa miguu yake hadi kwenye karanga, akarudi akinilaumu kwamba nimepalilia kama mtu anayekimbizwa. Alipoanza kunigombeza hivyo niligeuka upande, nikalia kwa furaha. Binti yako Limi naye ni mzima kabisa, amerudi shule, jino la mbele limeng'oka, na anasema ukija umletee kalamu za rangi, si nyeusi tena.

Najua ulichosikia kwa simu ya maandishi na kwa mdomo wa watu wa basi ni habari nyingine. Ndiyo maana nimeomba ruhusa ya siku nzima pale Misheni nikae nikuandikie jambo lote lilivyokwenda, tangu mwanzo. Nakuomba kaka, usiruke mistari. Soma polepole kama ulivyonifundisha mimi kusoma.

Unakumbuka kwamba mwezi wa kumi Mama alishikwa na malaria ikamlaza wiki mbili. Homa ilipoondoka, ilikwenda na hamu yake ya chakula. Ugali aliusukuma, maziwa aliyatazama tu. Kila siku alikuwa akisema mdomo ni mchungu, laiti angepata mboga iliyokaangwa kwa kitunguu, ile ya harufu inayotoka mpaka nje, kama alivyokuwa akila kwa shangazi Kahama. Kitunguu, kaka! Katika duka la ushirika hapa kijijini kitunguu hakijaonekana tangu mwezi wa nane. Nilimtuma mtu Ushirombo, akarudi na chumvi.

Wakati huo huo pale Misheni kulikuwa na furaha ya aina yake. Unamjua Sista Serafina, yule Mholanzi mrefu ninayefanya naye kazi ya bustani. Mama yake mzazi alifariki kwao mwezi wa tatu, na yeye hakuweza kwenda kuzika. Basi mwanzoni mwa Novemba, padre mmoja aliyetoka likizo alimletea kasha dogo la mbao kutoka kwa dada yake. Tulilifungua pamoja jikoni. Ndani kulikuwa na vumbi la mbao, na katika vumbi hilo vitunguu ishirini na vinne, vikubwa, vyenye maganda ya kahawia, vimelazwa kama mayai. Sista alikaa chini akashika mdomo. Akaniambia kwamba hivyo ni vitunguu vya maua, ni vya mama yake. Mama huyo alivitunza dirishani miaka na miaka, na kila baridi ya kwao ilipokwisha, theluji ikayeyuka na udongo ukalegea, alivitoa akavipanda upya. Nilimuuliza huku kwetu theluji tutaitoa wapi. Akacheka huku machozi yakimtoka, akasema huku tutangoja mvua ya kwanza, hiyo itatosha.

Mvua ilinyesha Jumatatu tarehe nane. Jumanne tukaanza kupanda mbele ya kanisa. Mimi nilichimba, nikachanganya samadi na majivu, Sista akapiga magoti kwenye tope na nguo yake nyeupe. Mimi nilikuwa navifukia vyote kama viazi, akanizuia, akasema shingo lazima ibaki nje ipumue. "Febronia, usimzike," akaniambia, "mpande!" Alikuwa akiongea navyo kwa lugha yao, kimoja kimoja, kama mtu anayewalaza watoto. Siku hiyo tulipanda kumi na vinne, mvua ikatufukuza. Kesho yake asubuhi tukamaliza vilivyobaki, nikaosha jembe, nikapewa ruhusa ya kurudi nyumbani mapema nimpikie Mama.

Hiyo ndiyo Jumatano yenyewe.

Nilipofika nilimkuta jirani yetu Nyamizi ameketi na Mama mlangoni. Huyu humjui vizuri kwa sababu ulikuwa umeshaondoka. Ni mjane mzee aliyeletwa na lori la Operesheni ya kuhamia vijijini mwaka juzi kutoka upande wa Runzewe, akapewa kiwanja kilichopakana na chetu. Hana mtoto wala ndugu hapa. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na Kiswahili chake ni kidogo, ndiyo maana watu humwona kama anajificha. Siku hiyo alimletea Mama matobolwa kwenye kikapu, yale ya viazi vyake mwenyewe alivyovichemsha na kuvikausha, apate cha kutafuna kinywa kichangamke. Mama alikula mawili au matatu, wakaagana, Nyamizi akaenda zake.

Saa saba mchana nilimpa Mama ugali na maharage. Limi alikuwa ametoka shule, akala naye kidogo, akakimbilia kucheza. Mimi sikula, nilikuwa nimeshiba uji wa Misheni. Haikupita saa moja nikamsikia Limi anatapika nyuma ya nyumba. Nilipomwinua, nikasikia Mama naye ndani. Kaka, sitaki kukuandikia yote niliyoyaona. Mate yalikuwa yanamtoka asiweze kuyazuia, tumbo linamkata, mikono inatetemeka, na ule mwili wake ulivyokuwa umekwisha kwa malaria, ulikuwa hauna akiba. Baba mdogo Felician alikuja mbio, akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni wake, tukawapakia. Njiani Mama aliacha kuniitikia. Nilimwita "Mayu! Mayu!" hadi sauti ikakauka.

Zahanati tulimkuta dresa Pantaleo. Akamtundikia Mama maji ya mshipani, akaniuliza wamekula nini. Nikamjibu: matobolwa ya jirani, ugali na maharage. Akaandika. Limi alikuwa ametapika vyote, jioni alikuwa anaomba chai. Mama alikaa siku nne hajui aliye mbele yake. Siku ya tano alifungua macho akauliza kama kuku wamefungiwa. Jumanne tukamrudisha nyumbani.

Ningetamani habari iishie hapo. Lakini wakati Mama yuko kitandani, Baba mdogo alikuwa ameshakwenda kwa mpiga ramli wa upande wa Segese na kuku mkononi. Akarudi na jibu kwamba ni mwanamke, ni jirani, na anakaa upande wa machweo. Nyumba iliyo upande wetu wa machweo ni moja tu. Baba mdogo hakuhitaji zaidi. Kwani si yeye aliyeleta kikapu? Na macho yale?

Kuanzia hapo Nyamizi alikufa akiwa hai. Akifika kisimani, wanawake wanachukua ndoo zao na kusogea. Mtu alimwaga matobolwa yake yote yaliyokuwa yameanikwa kwenye mkeka, akayakanyaga matopeni. Mtoto wa shule alimrushia jiwe likampata kwenye kifundo cha mguu, na hakuna mkubwa aliyemkanya. Halafu tarehe ishirini na nne ikafika barua yako. Uliandika, na maneno yako nayajua kwa moyo: "Huyo mchawi aondoke kabla sijafika. Nikimkuta, mimi na yeye mmoja wetu atazikwa." Baba mdogo akaichukua akaenda nayo kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Stanslaus. Balozi akaitisha mkutano Jumapili baada ya ibada, nje ya ofisi ya kijiji. Vijana wengine walikuwa wakisema wazi kwamba mkutano ni wa nini, kiberiti kinatosha.

Sasa kaka, kama umesimama, kaa. Kama wifi yuko karibu, na asikie, kwa sababu Limi ni wake pia.

Nyamizi hakufanya lolote. Aliyemlisha Mama sumu ni mimi.

Jumanne ile ya kwanza ya kupanda, mvua ilipotufukuza, niliachiwa nirudishe kasha ghalani. Vilikuwa vimebaki vitunguu kumi. Nilivitazama, nikavinusa. Nikamkumbuka Mama na mdomo wake mchungu. Nilijiambia kitunguu ni kitunguu, kama kinatoa ua hiyo ni juu yake, na kwamba mzungu hawezi kulilia vitatu kati ya ishirini na vinne. Nikavifunga kwenye pembe ya khanga yangu. Asubuhi yake Sista alihesabu akapata saba, akatikisa kichwa, akasema panya. Nami nikasema ndiyo, Sista, panya wa ghala hili ni wakubwa. Mchana nikavikata, nikavikaanga kwa mafuta ya karanga, nikamwagia maharage. Nilifurahi, kaka. Nilikuwa naimba.

Nilipomwinua Limi nyuma ya nyumba niliona vipande vyeupe kwenye matapishi, na papo hapo nilijua. Limi hakuwa ameonja matobolwa hata moja, alikuwa shule. Nilijua kabla mkokoteni haujafika zahanati. Pantaleo aliponiuliza, nilimtajia kila kitu isipokuwa kile kimoja ambacho kingemsaidia. Niliogopa kuitwa mwizi, niliogopa kufukuzwa kazi. Zaidi ya yote niliogopa kwamba Mama akifa, nitakuwa nimemuua kwa mikono yangu na watu wote watajua. Na Mama alipopona, nikadhani hofu itapungua, kumbe ndiyo inakua, kwa sababu sasa ilikuwa na siku nyingi nyuma yake za kuelezea.

Na kuna jingine, nalo ndilo linaloniuma kuliko wizi. Baba mdogo hajui kusoma. Barua yako ilipofika, aliyemsomea ni mimi. Nilisimama katikati ya ua nikatamka yale maneno kwa sauti yangu, neno kwa neno, nikijua ukweli wote, na Nyamizi yuko nyuma ya uzio wake wa mabua anasikia. Nilipomaliza nilimwona kwenye upenyo. Hakukimbia, hakutukana. Aliingia ndani akafunga mlango saa tisa mchana, jua likiwaka.

Jumamosi nilikwenda kwa Sista Serafina. Alikuwa anapalilia. Nilipiga magoti nikamweleza yote pale pale, sikungoja hata anisalimu. Nilitegemea anifukuze. Jambo la kwanza aliloniuliza ni mama yako amekula vingapi, la pili ni mapigo ya moyo yakoje sasa. Nilipomhakikishia kwamba amepona, alikaa kwenye ardhi kama mtoto. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulijua. Wakati wa vita kule kwao, yeye akiwa msichana, ulikuja msimu wa baridi wenye njaa kali, watu wakala vitunguu vya maua. Mama yake aliwapikia. Kuna aina moja ambayo mtu akitoa kiini chake anaweza kuila akaishi, wakaila hadi baridi ikaisha. Lakini hivi vya dirishani mama yake aliwakataza hata kuvigusa kwa ulimi, hata wafe njaa, kwa sababu ni sumu. "Nilikuwa na maneno ya mama yangu," akaniambia, "nikapanda vitunguu vyake na wewe siku mbili bila kukuambia. Febronia, tumekosa wote wawili." Nilikataa, nikasema aliyeiba ni mimi. Akasema ndiyo, hilo ni lako, na kesho utalisema wewe mwenyewe, ila hutakwenda peke yako.

Jumapili watu walijaa mpaka barabarani. Nyamizi aliwekwa kwenye kigoda mbele, peke yake, mguu umefungwa kitambaa. Balozi alipouliza nani ana neno la kwanza, nilisimama kabla Baba mdogo hajafungua kinywa. Nilisema kama nilivyokuandikia wewe. Baba mdogo akapiga kelele: "Mnaona! Na huyu naye ameshikwa! Anasemeshwa!" Wakaanza kuvuma kama nyuki. Kama si Sista ningezimwa pale. Alipita katikati yao na kitunguu kimoja mkononi, ameking'oa kwenye tuta, tayari kina jani changa la kijani. Akakikata kwa kisu mbele ya balozi, akawaonyesha. Pantaleo akasimama akasema dalili alizoziona zinaendana na sumu ya namna hiyo, na kwamba kama angeambiwa siku ile asingehangaika siku nne.

Bado wengine walikuwa wanaguna. Ndipo Mama akaomba asaidiwe kusimama. Sikuwa nimemweleza, alikuwa anasikia pamoja na watu wote. Nilitamani ardhi inifunike. Alinitazama, akasema: "Ndiyo maana ile mboga ilikuwa chungu vile. Niliiona, nikanyamaza. Nilisema mwanangu amehangaika kunitafutia kitunguu, sitamvunja moyo. Nikamaliza sahani."

Kaka, kijiji kizima kilicheka. Kilikuwa kicheko cha watu walioshika kitu kizito muda mrefu wakaambiwa wakiweke chini. Hata balozi alifuta macho. Kiberiti cha mtu fulani nilikiona kinarudi mfukoni.

Nyamizi peke yake hakucheka. Nilikwenda kumpigia magoti. Alinishika kichwa, akaniambia kwa Kisumbwa chake kwamba siku zote zile alikuwa akilala ameketi, amevaa nguo zake, ili wakija kumchoma wasimkute uchi. Akasema, "Umechelewa, mwanangu." Halafu akasema, "Lakini umekuja." Hajanisamehe yote, na simdai. Kisimani bado anakwenda mchana wakati hakuna watu. Lakini juzi Mama alijikongoja hadi kwake, akakaa mlangoni mahali ambapo kila mpita njia anaona, akaomba matobolwa. Yalikuwepo machache yaliyosalimika ndani. Mama akayala yote, polepole, akisalimia kila anayepita.

Adhabu yangu: balozi ameniamuru nimlimie Nyamizi shamba lake msimu huu wote, na nimeanza. Misheni sijafukuzwa, ila funguo za ghala si zangu tena, na ni haki. Baba mdogo bado ananuna, hasa kwa ajili ya kuku. Usiku nalala, kaka. Sikuwa nimelala hivi tangu mvua ianze.

Nawe nisamehe, wewe na Justina, kwa ajili ya Limi. Kama hamtaki akae nami tena, semeni, nitamleta mwenyewe. Sitateta.

Ila nina ombi moja, na si dogo. Maneno yako yalipita kinywani mwangu yakamfikia yule mama, na siwezi kuyarudisha kwa niaba yako. Mwandikie. Usiandike kwangu wala kwa Baba mdogo ili tumpelekee salamu. Andika jina lake juu ya bahasha: Mama Nyamizi, binti Mihayo. Nilimuuliza, akaniambia tangu azaliwe hajawahi kupokea barua. Nitakwenda kumsomea mlangoni pake, neno kwa neno, kwa sauti ile ile.

Mama anakusalimu sana, anasema kikohozi hicho kifunikwe kwa asali na si kwa sigara. Limi anamwamkia mama yake na kumbusu mdogo wake. Sista Serafina anakutakia heri. Wape salamu wote wa nyumba yako na majirani wanaotujua. Mungu awalinde njiani mtakapokuja Krismasi. Njooni bila haraka, hakuna mgonjwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Febronia